Kura Sato

Jumapili, 3 Septemba 1995

Baada ya misa nimetoa picha zote kwenye sanduku la bati na kuzitandaza kitandani zipate hewa. Kama kila mwanzo wa mwezi. Dawa ya nondo imekaribia kuisha. Tangazo la baiskeli limeanza kuota madoa ya kahawia pembeni, sijui ni unyevu wa ziwa au ni uzee tu. Nimelifuta kwa pamba kavu. La tochi bado zima, nyekundu yake inapiga macho kama siku lilipochapwa. La sabuni, lenye yule mama mwenye afro, nimeliacha la mwisho. Nimelitazama mpaka shingo ikauma.

Wenzangu wananunua makochi. Mimi natafuta matangazo ya zamani ya madukani. Kila mtu na wazimu wake. Vijana wa kiwanda chetu cha uchapaji wananicheka, mzee, hayo si makaratasi ya kubandika ukutani tu? Ndiyo, makaratasi. Lakini ya wakati ule mtu alikata herufi kwa wembe, akapaka wino rangi moja baada ya nyingine, kwa mkono. Siyo haya ya siku hizi yanayoshushwa kwa kontena, yanang'aa kama kipara.

Mama Koku alitaka kupumzika, akakuta kitanda kimejaa. "Baba Koku, na mimi nirare wapi?" (Nilale.) Nikamwambia avumilie kidogo. Akatoka na Biblia yake kukaa barazani.

Jioni akaniuliza kama kawaida, "Umekura?" (Umekula.) Anajua sijala. Chakula chenyewe anakipika yeye. Ndiyo salamu yake, tangu tuoane. Na mimi humsahihisha, tangu tuoane.

Jumamosi ijayo navuka Busisi na Mwita, kuwinda matangazo.


Jumamosi, 9 Septemba

Nimerudi na hasira. Naandika ili zipungue.

Mwita ni mwanajeshi mstaafu, Mkurya kama mke wangu, ana baa na jiko la nyama choma Mabatini. Picha hakuzijua. Alikuja kwangu mwaka juzi kuleta mguu wa mbuzi, akanikuta nimezianika, akasimama anazitazama, mguu wa mbuzi bado begani. Tangu siku hiyo kanifuata kama kivuli. Kila anachokijua nimemfundisha mimi. Leo mwanafunzi kampiga mwalimu.

Foleni ya kivuko cha Kigongo ilikuwa ya malori ya pamba matupu. Tukavuka. Mbele ya Busisi kuna duka la mjane mmoja, Mama Limi, nyuma ya mapipa ya mafuta ya taa ukutani kuna tangazo la redio. Mkulima kabeba jembe bega moja na redio bega la pili, anga la njano, jua la waridi. Sijapata kuliona popote.

Sharti letu ni moja: anayeweka mkono kwanza ndiye mwenye mali. Sasa mimi nilikuwa bado naamkiana na Mama Limi. Habari za msiba, habari za watoto, habari za mvua. Mtu hakurupuki kwenye duka la mjane kama askari wa doria. Nageuka, mkono wa Mwita uko juu ya jua la waridi.

Adabu imeniponza.

Na atalitundika kwenye baa! Kwenye moshi na mafuta. Nilimwambia picha hukaa sandukuni, gizani, na dawa. Akajibu, "Nshomile, picha inataka kuangariwa." (Kuangaliwa.) Nshomile ndivyo wanavyotuita sisi Wahaya, yaani mimi nimesoma. Kwetu ni sifa. Yeye akilitamka linakuwa ugonjwa.

Kwenye kivuko nilimpa mgongo. Alininunulia mahindi ya kuchoma, nikayakataa, na njaa ilikuwa inaniuma kweli.


Jumanne, 12 Septemba

Kazi nyingi. Vipeperushi vya uchaguzi vimetujaa mpaka kwenye ngazi. Vyama vingi, makosa mengi. Mmoja ameandika "nitawaretea maji". Nimesahihisha. Mwingine "tuchaguwe". Nimesahihisha. Kompyuta imeletwa ofisi ya mkurugenzi, imefunikwa kitambaa kama maiti, na watu wameanza kunong'ona neno kupunguzwa. Mimi sinong'oni. Kompyuta haijui tofauti ya kura na kula.

Na hilo ndilo lililonipa ugali hapa Mwanza.

Niandike, nijifurahishe. Miaka ya sabini mwanzoni ofisi moja ya serikali ilitaka watu wale samaki. Ikaagiza picha kubwa kwa Mzee Hasmukh, aliyekuwa na karakana ndogo ya kuchapa kwa skrini nyuma ya soko. Samaki wanne, kila mmoja na rangi yake. Chini yake waliambiwa waandike KULA SATO UPATE NGUVU. Mkata stensili, yule wa wembe, alikuwa binti kutoka upande wa Mara. Akakata kama anavyosema kwao. KURA SATO UPATE NGUVU. Mzee Hasmukh Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakuona kitu. Zikachapwa, zikabandikwa mji mzima. Mji ukacheka mpaka ukalia. Ofisi ikaamuru zibanduliwe zote na zichomwe, na kazi zake ikazihamishia kwenye kiwanda chetu, kwa sharti kwamba bosi atafute mtu anayekijua Kiswahili. Mtu huyo akashuka kwenye meli kutoka Bukoba na cheti chake mfukoni. Ndiye mimi.

Kwa hiyo kosa la binti yule ndilo mama wa kazi yangu. Kisa hiki nimekisimulia kwenye harusi, kwenye vipaimara, hata kwenye matanga watu walipochoka kulia. Naigiza na sauti ya yule binti, "Bosi, kwani kura si ndiyo hii ya kura na mdomo?" Watu huanguka. Mama Koku huondoka kwenda jikoni. Ameshakichoka, simlaumu.

Picha yenyewe sijawahi kuiona. Nilifika zimeshachomwa. Huko Geita, Sengerema, Magu, kote nimeuliza. Sanduku langu lote ningelitoa kwa ajili ya hiyo moja.


Jumamosi, 16 Septemba

Mama Koku alikwenda Mabatini kumsaidia mke wa Mwita kuchambua mchele wa shughuli yao, nikamfuata baadaye kwa kisingizio cha kumchukua.

Mwita amefungua ukuta. Ndivyo anavyosema, amefungua ukuta. Kaupaka chokaa, kazitundika picha zake zote chini ya vioo, na taa juu. Chini ya kila moja kabandika kikaratasi: "Imekatwa na: hajulikani." Nikamuuliza, nani aliyekuuliza habari za fundi? Akasema yeye anajiuliza. Ati mtu kakata mwezi mzima kwa wembe halafu asijulikane?

Baa ilijaa. Watu ambao hawajawahi kutazama kitu isipokuwa chupa walikuwa wamesimama, mikono nyuma, kama kanisani. Mhindi mmoja na mkewe wamekuja na gari. Mwalimu mkuu mmoja akampongeza Mwita kwa jicho lake la pekee.

Jicho lake! Nimempa mimi hilo jicho.

Juu ya kaunta kuna ubao wa siku nyingi: MWENYE WIVU AJINYONGE. Nimeusoma mara mia huko nyuma bila kuhisi lolote.


Alhamisi, 21 Septemba

Mama Koku alikwenda sokoni akarudi jioni bila mboga. Anaimba mdomo umefunga. Sikuuliza. Nyama ya jana ilikuwepo.


Jumamosi, 23 Septemba

Anayo.

Mwita anayo. KURA SATO.

Naandika haraka, mwandiko huu sitauelewa kesho. Niliingia nikaagiza soda, nikainua macho, iko katikati ya ukuta, chini ya kioo kipya. Samaki wanne. Mwekundu, wa kijani, wa njano, wa buluu. Mistari myeusi mizito, magamba yamekatwa moja moja, hakuna linalofanana na lingine. Jicho la yule wa njano lina kadoa keupe, sijui alipataje kukaacha kadoa kadogo vile kwa wembe. Na herufi. Jamani, zile herufi. Nene, zimesimama sawasawa kama wanafunzi mstarini. R imeinua mguu kidogo kama inayotaka kucheza.

Kosa zuri kuliko usahihi wangu wote wa miaka ishirini. Nimeliandika hilo na silifuti.

Imekunjwa. Ina mikunjo mara nne. Mshenzi gani anakunja picha? Picha inaviringishwa.

Na kikaratasi chake ni tofauti: "Imekatwa na binti wa kwetu."

Nilimuuliza ameipata wapi. Akasema amepewa. Na nani? Akafuta kaunta. Nikamwambia nitampa la sabuni na la tochi na la baiskeli. Akatikisa kichwa. "Siyo yangu, Baba Koku. Nimeachiwa niiangarie tu." (Niiangalie.) Watu wa kampeni walikuwa wamejaa pale na fulana zao, vyama vitatu meza moja, wanagongeana chupa, mgombea wetu ni Sato, kura zote kwa Sato. Mpiga picha wa mtaani alikuwa anawapiga picha mbele yake.

Nimerudi kwa miguu.


Jumapili, 24 Septemba

Nina wivu. Siyo uchungu, siyo masikitiko. Wivu. Unakaa hapa chini ya mbavu na unakula. Misa nzima sikusikia neno. Padri aliposema tusitamani mali ya jirani nilimtazama kama vile kaambiwa.

Nimemweleza Mama Koku habari za lile tangazo. Alikuwa anachagua dagaa kwenye ungo. Mikono ikasimama. Akauliza, "Rimekaaje pale ukutani?" (Limekaaje.) Nikamwambia limekaa vizuri, hilo ndilo linaloniua. Akaendelea kuchagua dagaa. Nadhani alitabasamu. Hakuna mtu mwenye huruma nyumba hii.


Jumatano, 27 Septemba

Nimejaribu tena. Safari hii nimetaka kumpa Mwita sanduku zima. Ndiyo, zima. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema nikitaka kukaa hapo nitazame mchana kutwa nikae, soda ni juu yake. Soda yake aimwage.


Jumamosi, 30 Septemba

Sikwenda naye Magu. Alinipitia nikajifanya naumwa. Alikwenda peke yake akapata tangazo la cherehani. Heri ningekwenda.


Jumanne, 3 Oktoba

Leo mchana nimetoroka kazini nikaenda nyuma ya soko. Karakana ya Mzee Hasmukh sasa ni duka la mitumba, marobota mpaka darini. Mzee alishafariki, wanawe wako Uingereza. Ila mkwe wake mmoja, Jayshri, amebaki na kiduka cha daftari na kalamu. Nilimuamkia vizuri, nikanunua kalamu ambayo siihitaji.

Picha ya samaki? Akacheka. Baba mkwe alizichoma mwenyewe uani, moshi ulikuwa wa rangi. Isipokuwa moja. Mkata stensili aliomba abaki na moja. Alikuwa amefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, analia, baba mkwe akamwonea huruma. Aliikunja akaitia ndani ya blauzi akaondoka.

Nikauliza jina.

"Boke," akasema. "Mikono mizuri sana yule dada. Hakuna alikata kama yeye."

Mke wangu anaitwa Bhoke. Lakini akina Bhoke huko Mara ni wengi kuliko mawe. Ukisimama stendi ya Tarime ukaita Bhoke, nusu ya stendi itageuka. Isitoshe Mama Koku kabla ya ndoa alifanya kazi za ndani kwa Wahindi. Alisema hivyo.

Alisema kazi kwa Wahindi. Za ndani niliongeza mimi.


Jumamosi, 7 Oktoba

Mama Koku alikwenda jumuiya. Nimefungua sanduku lake la nguo, la mbao, alilokuja nalo siku ya harusi. Sijawahi kulifungua. Nguo nikazitoa moja moja. Chini kabisa katandika gazeti la zamani, limekuwa rangi ya chai. Nikalisogeza dirishani.

Wino umepigia. Miaka yote hiyo picha imelala juu ya gazeti, na joto la Mwanza, wino ukaacha alama yake. Mkia wa samaki, kijani. Kipande cha herufi, kinyumenyume, kama kwenye kioo. Mtu mwingine asingekisoma. Mimi nimesoma herufi za kinyume kwenye risasi za uchapaji tangu ujana. Ilikuwa R. Imeinua mguu.

Nikarudisha nguo. Nikakaa kitandani pale ninapoanika picha zangu.

Kwa hiyo nimezunguka Kanda ya Ziwa yote naitafuta picha iliyolala hatua mbili kutoka kichwani pangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilisahau kuangalia nguo zenyewe.

Na kampa Mwita. Kampa Mwita.


Jumatatu, 9 Oktoba

Wivu umehama. Zamani niliionea wivu picha. Sasa nakumbuka namna wanavyosalimiana Kikurya mlangoni pangu, haraka haraka, na kicheko kinachokuja kabla sentensi haijaisha. Namna anavyomwita dada. Dada gani? Siku ile hakurudi na mboga. Anaimba mdomo umefunga. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu!

Sijamuuliza. Nikimuuliza atajibu.


Jumatano, 11 Oktoba

Nimemchunguza. Hakuna kitu. Anapika, anafua, anasali. Jana jioni: "Umekura?" (Umekula.) Nilimsahihisha kwa ukali mpaka mimi mwenyewe nikashtuka.


Jumamosi, 14 Oktoba

Niandike yote, hata kama sitaki.

Nilikwenda Mabatini kugombana. Nilishatunga maneno njiani. Kufika, baa imejaa kuliko siku zote, mkutano wa kampeni umemalizika uwanjani na wote wamemiminika pale. Mwita yuko jikoni. Jamaa mmoja wa fulana ya kijani akanyooshea kidole picha, akauliza, jamani, nani mpumbavu aliyekosea hii?

Ningeweza kunyamaza. Lakini wote wakageuka kutafuta jibu, na jibu ninalo mimi. Si Mwita. Mimi. Mwezi mzima mtu yule amekuwa akipigiwa makofi kwa ukuta, nikaona angalau kisa ni changu. Nikapanda juu ya kreti.

Nikakisimulia vizuri kuliko siku zote. Mzee Hasmukh na Kiswahili cha dukani. Ofisi. Mji unacheka. Nilipofika kwa binti nikabana sauti, nikaweka mkono kiunoni, "Bosi, mimi nimekosea wapi? Si ndiyo kura hiyo, ya kura na mdomo? Kwetu ukisikia njaa unakura!" Watu walilia. Mmoja alianguka na kiti. Nilijua binti ni nani. Nilijua, na nikamwigiza kwa sauti yake hasa, ile ya jikoni kwangu, maana siku hizi najua sauti yenyewe.

Kicheko kikapungua kutokea nyuma. Mama Koku alikuwa kwenye mlango wa uani na beseni la vyombo. Alikuja kumsaidia mke wa Mwita, sikujua. Aliniangalia, halafu akaiangalia picha, halafu akaweka beseni chini taratibu, hakuna kijiko kilicholia.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Mama Koku, kalibu."

Kalibu. Mimi. Wakacheka upya, sasa wananicheka mimi, nshomile ameteleza. Yeye hakucheka. Alijifunga khanga vizuri akapita katikati yao.

Mwita alinishusha kwenye kreti kwa mkono mmoja. Nilimwambia, unamtaka mke wangu. Akasema pole pole, kama anamwambia mtoto, "Ariona vikaratasi vyangu. Akaniambia, iko moja, ninamjua nani ameikata. Basi. Hayo ndiyo mapenzi yetu, Baba Koku." Sikumsahihisha. Nilikuwa natafuta kofia yangu.


Jumapili, 15 Oktoba

Nimemuuliza, mbona hukunipa mimi? Ningekuwa mimi, miaka ishirini namsikia mtu anaota kitu, nacho ninacho sandukuni, ningempa.

Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Ungeisahihisha."

Akaendelea na kola.


Alhamisi, 19 Oktoba

Hajanuna. Ingekuwa heri anune. Anaongea, tena kwa upole. "Maji yapo bafuni." "Sabuni imekwisha." "Koku ameandika." Chakula anakiweka, anasema, "Kiko mezani." Haniulizi tena kama nimekula.

Kuna kitu sikielewi katika maneno yake. Ni sahihi mno.


Jumapili, 22 Oktoba

Nimegundua.

Kanisani aliuliza, "Tukae wapi?" Njiani, "Mvua inakuja." Jana wakati wa kuzima taa, badala ya lala salama, "Usiku mwema." Nikawa nayarudia maneno yake kichwani kama ninavyosoma prufu, herufi kwa herufi, na nikapata baridi.

Hakuna r. Hakuna l. Wiki nzima, hata moja. Anayachagua. Ugali hautaji. Mboga anaitaja. Barua hapana, ameandika ndiyo. Anapita katikati ya Kiswahili kama mtu anayevuka uwanja wa miiba, ili mimi nisipate pa kuweka kalamu.

Na mtoto wetu alipozaliwa nilitaka aitwe Gloria. Alikataa katakata, akasema aitwe jina la mama yangu, Koku. Nilimsifu kila mahali kwa kumheshimu mkwewe.

Kazini leo, maana uchaguzi umekaribia na hata Jumapili tunaitwa, nimekaa mbele ya rundo la vipeperushi sikuona kosa hata moja. Siyo kwamba hayakuwepo.


Jumatano, 25 Oktoba

Nilipita Mabatini. Nilisimama nje, upande wa dirisha. Inaonekana hata kutoka barabarani. Bado namwonea wivu Mwita, niseme ukweli, na siyo kama wa zamani. Ukuta ule unasemeshwa lugha yote. Mimi nasemeshwa nusu.

Yule wa fulana ya kijani akaniona, akanipungia, mzee, njoo, tupigie ile stori! Nikamwambia siijui.


Jumapili, 29 Oktoba

Uchaguzi. Jua kali, foleni imezunguka shule mara mbili. Karatasi zilichelewa, watu wameanza kukaa chini ya kuta.

Mama Koku alikuwa mbele yangu, na khanga yake nzuri. Kijana msimamizi akapita anauliza kila mtu kitambulisho, akamfikia. "Mama, na wewe umekuja kufanya nini hapa?" Utani tu wa foleni.

Akanigeukia mimi, siyo kijana. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Kura. Nimekuja kupiga kura." Halafu akanitazama usoni. "Hapo je?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka, mazoea. Hapakuwa na kitu cha kusahihisha. Neno lilikuwa zima.

Nikasema, hapo sawa. Akageuka mbele. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, hadi nikamchungulia pembeni. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa pindo la khanga.


Alhamisi, 2 Novemba

Kiko mezani. Maji yapo. Sawa. Hapana. Usiku mwema.

Nilidhani ile ya Jumapili imemaliza. Haijamaliza.


Jumamosi, 4 Novemba

Mwita alipita nyumbani na mguu wa mbuzi, kama siku ya kwanza. Nilikuwa nimezianika picha kitandani, ni mwanzo wa mwezi. Nikampa tangazo la sabuni, lenye yule mama. Nikamwambia, litundike. Andika chini tunamtafuta aliyelikata. Alilishika kama mtoto mchanga. Alipoondoka nalo nililiona pengo lake kitandani, na moyo uliniuma sana, sana. Sikumwomba anirudishie. Karibu nimkimbilie.

Mama Koku aliona yote akiwa barazani na Biblia yake. Akafunua ukurasa.


Jumapili, 12 Novemba

Mvua jana, leo kumekucha kusafi. Dada yangu ameleta senene, panzi wetu wa Bukoba, kwa meli, kopo limejaa. Tumekaa uani tunazichambua, mabawa huku, miguu huku. Mama Koku Mkurya wa watu hazili, lakini anazichambua haraka kuliko mimi. Vidole vile. Nilivitazama muda mrefu. Miaka ishirini navipa ungo, sindano na pasi.

Nilimuuliza kale kadoa keupe kwenye jicho la yule samaki wa njano, alikakataje. Akasema kwa ncha, wembe umevunjwa nusu, na pumzi umeishika. Akanionyesha hewani. Nilimwambia anionyeshe tena.

Picha iko kwa Mwita. Itakaa huko. Nikipita nitaitazama na nitaumia, najijua.

Niliingia ndani kuandika haya kabla giza halijaingia. Nasikia mafuta yanachemka, harufu ya kitunguu. Sasa hivi kapitisha kichwa mlangoni, mkono una unga.

"Baba Koku, umekura?"

Bado, Mama Koku.